Memori Ikiisha, Kerneli Inafanya Nini? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ninatengeneza na kutunza kompyuta hapa Kigoma, maeneo ya Mwanga. Mashine nyingi zinazopita mezani kwangu ni za mtumba, RAM GB 2 au GB 4, na baadhi yake ndizo zinazogeuzwa seva: inawekwa Linux, inasukumwa chini ya meza, inasahaulika mpaka siku itakapogoma. Maswali ya hapa chini naulizwa na vijana wanaojifunza kazi, na mara nyingine na wakuu wa ofisi wakiwa wamekasirika. Majibu ni ya Linux. Windows nimeigusa kidogo tu.

Programu ilikuwa inakwenda vizuri, ghafla imetoweka. Haijaandika kosa lolote. Nani kaiua?

Mara nyingi ni kerneli yenyewe, yaani kiini cha Linux kinachogawa memori kwa programu. Memori ikiisha kabisa, kerneli huchagua prosesi moja, yaani programu moja iliyo kazini, na kuipiga ishara namba 9, ya kuua. Ishara hiyo haizuiliki wala haina kwaheri, kwa hiyo usitegemee kukuta neno lolote kwenye logi ya programu, yaani daftari lake la matukio. Kaburi lake liko kwenye logi ya kerneli.

Kuna ofisi ya wanunuzi wa dagaa kule Kibirizi iliniita kwa sababu mfumo wao wa hesabu ulikuwa unakufa kila usiku. Mama mhasibu akifika asubuhi anakuta hifadhidata imezimika, anaiwasha, siku inakwenda. "Fundi, hii mashine ina jini la usiku," akaniambia. "Mama, ngoja nimuulize mwenyewe," nikamjibu, nikaandika `dmesg -T | grep -i kill`, amri inayochuja logi ya kerneli. Kila usiku, saa saba na dakika kadhaa, mstari ulikuwa ule ule: `Out of memory: Killed process`, namba ya prosesi, jina mysqld, na mbele yake `anon-rss:1716224kB`. Yaani hifadhidata iliuawa ikiwa imeshika karibu GB 1.6 kwenye mashine ya GB 4.

Kama mashine imeshawashwa upya, dmesg haitakuonyesha ya jana. Tumia `journalctl -k -b -1`.

Amri ya `free` inaonyesha RAM karibu yote imetumika. Ninunue nyingine?

Subiri kwanza. RAM iliyokaa bure haina faida kwa mtu, kwa hiyo kerneli huijaza kashe ya mafaili yaliyosomwa karibuni. Kashe hiyo hutupwa mara moja ikihitajika nafasi. Safu ya kuangalia ni ile ya `available`, inayotokana na MemAvailable ndani ya `/proc/meminfo`, iliyoingizwa kwenye Linux 3.14 mwaka 2014. Hayo ni makadirio ya kiasi ambacho programu mpya inaweza kupata bila mashine kuanza kuhangaika. Ikiwa bado ina GB 1 kati ya 4, weka hela yako mfukoni.

Kerneli ndiyo inayogawa memori. Inakuwaje igawe mpaka iishiwe?

Kwa sababu haigawi memori, inagawa ahadi.

Sote tunamjua yule mjomba. Kamati ya harusi ikimletea kadi anaandika laki tano, kamati ya pili laki tano, ya tatu hivyo hivyo. Si mwongo: anajua harusi nyingine zitaahirishwa, nyingine hazitamfuata, na mshahara utaingia katikati. Hesabu yake inakwenda sawa miaka yote, mpaka mwezi mmoja kamati zote zinapogonga mlango Jumamosi moja.

Kerneli ni mjomba huyo. Programu ikiomba GB 1, inajibiwa ndiyo papo hapo, lakini hakuna hata ukurasa mmoja wa RAM uliotolewa. Ukurasa, ambao kwenye kompyuta zetu za kawaida ni KB 4, hutolewa siku programu inapougusa kwa mara ya kwanza. Na programu nyingi huomba vingi, zikagusa vichache.

Kuna sababu nyingine, nayo ni fork. Kwenye Linux prosesi huzaa nyingine kwa kujinakili. Kama hifadhidata ya GB 2 inataka kuendesha amri ndogo ya kutuma barua pepe, kwa muda mfupi zinakuwapo prosesi mbili, kila moja ikidai GB 2. Kwa kweli zinatumia kurasa zile zile, na nakala hufanywa tu pale mmoja anapoandika juu ya ukurasa. Kerneli ikikataa kuahidi zaidi ya ilichonacho, fork hiyo ya halali ingekataliwa, na mashine yenye nafasi tele ingeshindwa kutuma barua.

Si ingekuwa bora ikatae tu, programu yenyewe ijue la kufanya?

Unaweza kuiagiza hivyo. Weka `vm.overcommit_memory=2` na mjomba ataanza kuandika ahadi zake kwenye daftari. Kikomo kinaitwa CommitLimit: swapu yote (nafasi ya diski inayosaidia RAM) pamoja na asilimia 50 ya RAM, usipobadilisha. Kwa RAM ya GB 4 na swapu ya GB 2, jumla ya ahadi haitazidi GB 4. Thamani 0 ndiyo ya kawaida, inakataa maombi ya kupindukia tu. Thamani 1 haikatai kitu.

Nimejaribu 2 kwenye mashine za ofisi, nikarudi 0 nimenyanyua mikono. Programu nyingi hazikuandikwa na mtu aliyewahi kufikiria kwamba malloc, yaani ombi la memori la programu, inaweza kurudi mikono mitupu, kwa hiyo zinakufa vile vile, tena ovyo zaidi. Na anayekataliwa ni yeyote aliyeomba wakati daftari limejaa, hata kama ni wewe unayejaribu kuingia ukiwa mbali kwa ssh uokoe jahazi. Mahali ambapo 2 inafaa ni seva inayoendesha hifadhidata kubwa moja na iliyopimwa vizuri.

Kabla ya kuua, kerneli inahangaika kiasi gani?

Sana, na sehemu hii ndiyo watu wengi wanairuka wakakimbilia kulaumu.

Fikiria pipa la maji nyumbani lenye alama tatu: ya juu, ya kati na ya chini kabisa. Maji yakishuka chini ya alama ya kati, kijana wa nyumba anatumwa bombani, anajaza mpaka alama ya juu, anarudi kulala. Wengine mnaendelea na shughuli zenu. Kijana huyo kwenye kerneli anaitwa kswapd. Hupitia kurasa ambazo hazijaguswa siku nyingi na kuzirudisha. Zile za kashe ambazo hazijabadilishwa hutupwa tu, maana nakala iko diskini. Zilizobadilishwa lazima ziandikwe kwanza. Zile za programu zisizo na faili nyuma yake hupelekwa kwenye swapu, kama ipo. Kama haipo, zimekwama RAM mpaka mwenyewe aziachie.

Matumizi yakimshinda kijana na maji yakafika alama ya chini kabisa, kila anayetaka maji anaambiwa achukue ndoo aende mwenyewe. Hapo ndipo unahisi mashine imekuwa nzito: programu iliyoomba KB 4 inasimamishwa, inatumwa kutafuta kurasa za kurudisha kabla haijapewa yake. Kerneli pia hubana kashe zake za ndani, kama ile ya majina ya mafaili, na husogeza kurasa zilizotawanyika ili kupata nafasi zilizoungana. Inajaribu, inajaribu tena. Ikipita mizunguko 16 mfululizo bila maendeleo yoyote, ndipo inamwita muuaji, OOM killer (OOM ni out of memory, memori imeisha).

Maji ya chini kabisa ya pipa hayaguswi na mtu wa kawaida. Ni akiba ya dharura, na utaona baadaye ni ya nani. Ukubwa wake unatokana na `vm.min_free_kbytes`. Nawaomba vijana wasiichezee bila sababu; ukiikuza mno, muuaji ataitwa wakati RAM bado ipo.

Anachaguaje wa kuuawa?

Kwa hesabu rahisi kuliko watu wanavyodhani. Anajumlisha RAM ambayo prosesi inashikilia, swapu yake, na majedwali yake ya kurasa. Kisha anaongeza au kupunguza kwa kufuata `oom_score_adj`, namba unayoiweka wewe kati ya -1000 na 1000. Kila pointi moja ni sehemu ya elfu ya RAM na swapu kwa pamoja. Mwenye jumla kubwa ndiye anayekwenda. Prosesi namba 1 na nyuzi za kerneli yenyewe (kazi zake za ndani) hawaguswi.

Tuchukue ile mashine ya Kibirizi: GB 4, swapu hakuna. Pointi moja ni kama MB 4. Hifadhidata ina GB 1.6. Ukiipa -500, inapunguziwa nusu ya mashine nzima, yaani GB 2, inakuwa chini ya sifuri, na hata kivinjari cha MB 300 kitatangulia kaburini.

Utaratibu huu uliandikwa upya na David Rientjes na kuingia Linux 2.6.36 mwaka 2010. Kabla ya hapo hesabu ilichanganya umri wa prosesi, muda wa CPU na mambo mengine, na hakuna aliyeweza kutabiri zamu ya nani.

Halafu, kwenye kerneli za miaka ya karibuni ukisoma `/proc/<namba>/oom_score` ya prosesi ndogo yoyote utakuta 666. Kijana mmoja alinipigia simu usiku kwa hilo. Ni mgawanyo tu: alama hupangwa upya ili isitoke hasi, na asiye na uzito anaangukia theluthi mbili za 1000. Hakuna haja ya maombi.

Kwa nini ameuawa asiye na kosa?

Kwa sababu hatafuti mwenye kosa. Anatafuta atakayerudisha nafasi kubwa kwa kifo kimoja.

Soma logi kwa makini. Mwanzo wa taarifa kuna mstari wenye maneno `invoked oom-killer`, na jina lililo hapo ni la aliyeomba memori wakati imeisha. Mwisho kuna `Killed process`, na huyo ndiye aliyelipa. Mara nyingi hawafanani, na mara nyingi hakuna kati yao aliye chanzo. Katikati kuna jedwali la prosesi zote na kiasi kila moja ilichoshika, safu ya rss (RAM iliyoshikwa) ikiwa kwa kurasa, si kwa KB. Zidisha kwa 4. Hilo jedwali ndilo lenye ushahidi. Kibirizi, aliyeomba alikuwa prosesi ndogo ya kuandika logi, aliyekufa mysqld, na kwenye jedwali kulikuwa na skripti ya python imekalia kurasa 480,000. Zidisha kwa 4: zaidi kidogo ya GB 1.8.

Unaona tatizo? Skripti ilikuwa kubwa kuliko hifadhidata, na bado hifadhidata ndiyo iliyokufa. Fundi aliyenitangulia alikuwa amesoma mahali fulani kuhusu `oom_score_adj`, akaipa skripti hiyo, ya nakala rudufu, -500 ili "isikatizwe". Aliilinda nyoka.

Basi niipe hifadhidata -1000 nimalize?

-1000 maana yake usimguse kabisa. sshd, huduma inayopokea ssh, hujipa kinga hiyo yenyewe, na ni haki yake, maana bila yeye huingii. Lakini ukiikinga prosesi inayoweza kuvimba, muuaji ataua wengine wote mmoja mmoja, na asipobakiza wa kuua kerneli inaanguka nzima. Kwa hifadhidata mimi naweka -300 au karibu na hapo, kupitia `OOMScoreAdjust=` kwenye faili la systemd (msimamizi wa huduma za Linux), kisha nashughulika na yule anayekula.

Ndani ya kerneli yenyewe, dereva akikosa memori inakuwaje?

Swali hili huulizwa na wachache, na ndilo ninalolipenda.

Dereva (kodi inayoendesha kifaa) au mfumo wa mafaili ukiomba memori hutaja hali yake. GFP_KERNEL ni kusema "naweza kusubiri, niweke usingizini, nenda kaandike kurasa diskini, nitangoja." GFP_ATOMIC ni wa dharura: yumo katikati ya kushughulikia pakiti ya mtandao, haruhusiwi kulala hata nukta moja. Huyu anapewa ruhusa ya kuchota kwenye akiba ya chini ya pipa, na akikosa anarudishiwa mikono mitupu hapo hapo, pakiti inatupwa, maisha yanaendelea.

Kwa yule wa kwanza kuna mkataba ambao haukuandikwa popote lakini uliishi miaka mingi: ombi dogo, la kurasa 8 au chini yake, yaani KB 32, halishindwi. Kerneli itazunguka na kuzunguka, itaua prosesi, lakini itakupa. Waandishi wa mifumo ya mafaili waliandika kodi kwa uangalifu ya kushughulikia kukosa memori, bila kujua kwamba kodi ile haikuwa ikifikiwa kabisa.

Mwishoni mwa 2014 jambo hilo lilizua mjadala mkali, kwa sababu lilikuwa linafunga mashine. Iko hivi. Prosesi A inaingia XFS (mfumo mmojawapo wa mafaili), inashika kufuli la faili, kisha inaomba memori. Memori hakuna. Muuaji anaitwa, anamchagua B. B anapaswa kufa aachie GB zake, lakini B amelala akisubiri kufuli lile lile alilolishika A. A hawezi kuliachia mpaka apate memori, B hawezi kufa mpaka apate kufuli. Ni kama malori mawili kwenye daraja la njia moja, kila dereva akisubiri mwenzake arudi nyuma.

Dawa moja ilikuja na Linux 4.6, mwaka 2016, kazi ya Michal Hocko: uzi wa kerneli unaoitwa oom_reaper. Huyu hasubiri marehemu afe rasmi. Akishapigwa ishara namba 9, mvunaji anaingia na kuchukua kurasa zake za binafsi moja kwa moja, maana hatazihitaji tena. B anaweza kuendelea kulala kwenye kufuli lake. Memori imesharudi, A anaendelea, anaachia kufuli, na B anaamka kwenda kuzikwa.

Kwa zile sehemu ambazo haziwezi kabisa kukosa, kama njia ya kuandika kwenye diski (ambayo inahitajika ili memori ipatikane), kerneli huwa na mempool: vipande vichache vilivyowekwa kando tangu mwanzo, vya kutumia na kurudisha.

Mashine yangu haiui mtu, inaganda tu. Nusu saa taa ya diski inawaka bila kupepesa.

Hiyo ni mbaya kuliko kuuawa. Kumbuka nilisema muuaji huitwa pale ambapo hakuna maendeleo. Tatizo ni kwamba "maendeleo" ni neno pana. Kodi ya programu zako nayo ni faili iliyo diskini, kwa hiyo kerneli inaweza kutupa kurasa zake. Inatupa ukurasa wa kivinjari, nukta hiyo hiyo kivinjari kinauhitaji, unasomwa tena, unatupwa tena. Kwa hesabu za kerneli kurasa zinarudi. Kwako wewe kishale cha mausi hakisogei. Kwenye diski za zamani za kuzunguka, unaweza kwenda kunywa chai ukarudi.

Tangu Linux 4.20 ya mwishoni mwa 2018, kuna kipimo kizuri zaidi: `/proc/pressure/memory`, kazi ya Johannes Weiner. Kinasema ni asilimia ngapi ya muda prosesi zimesimama zikisubiri memori, jambo ambalo ndilo unalolihisi. systemd-oomd inakitumia kuua mapema. Ipo pia earlyoom, ambayo ni nyepesi, inaangalia tu kiasi kilichobaki. Kwenye mashine za GB 2 naiweka bila kuuliza.

Ukiwa umekaa mbele ya mashine, Alt+SysRq+F humwita muuaji kwa mkono. Ubuntu kwa kawaida imefunga kitufe hicho, lazima `kernel.sysrq` iruhusu biti yenye thamani 64. Fungua kabla ya shida.

Swapu kiasi gani?

Kidogo, lakini isikose kabisa. Kwa GB 4 naweka GB 2, au zram, ambayo hubana kurasa humo humo RAM bila kugusa diski.

Kontena yangu imekufa na namba 137, na seva ina GB 10 bure.

137 ni 128 kujumlisha 9, ile ishara ya kuua. Kontena (chumba cha programu kilichowekewa mipaka) imegonga dari lake lenyewe, `memory.max`, na muuaji ameua ndani ya chumba hicho tu. Inua dari au tafuta kinachovimba.

Windows nayo ina muuaji?

Kwa namna hii, hapana. Windows huhesabu ahadi zake zisizidi RAM pamoja na faili la kurasa, na zikifika hapo ombi linakataliwa. Ndiyo maana huko unaona ujumbe wa kufunga programu badala ya programu kutoweka.

Seva iko Kibondo, mimi niko Kigoma. Siwezi kwenda kila ikikwama.

Weka `vm.panic_on_oom=1` na `kernel.panic=10`. Memori ikiisha, mashine inaanguka na kujiwasha baada ya sekunde 10. Ni njia ya kikatili na sipendi kuiweka palipo na hifadhidata inayoandika muda wote, lakini kwa kituo cha kupokea vipimo au kamera, ni nafuu kuliko nauli.

Ile seva ya Kibirizi iliishia wapi?

Skripti ya nakala rudufu ilikuwa inasoma hifadhidata nzima ndani ya memori, inaibana, ndipo inaandika faili. Biashara ilipokuwa ndogo ilikuwa sawa. Niliifuta, nikaweka mysqldump, ya kutoa nakala, inayomimina moja kwa moja kwenye gzip, ya kubana, ndani ya huduma ya systemd yenye `MemoryMax=600M`, bila kinga yoyote. Hifadhidata nikaipunguzia hifadhi yake ya ndani na kuipa -300, na swapu ya GB 2 juu yake. Wiki iliyofuata nilipita pale kununua dagaa, nikachungulia logi: saa saba usiku, kimya. Mama mhasibu akaniuliza kama sasa ninaweza kuangalia na printa, maana inavuta karatasi mbili mbili.